Ng'ombe wa Mvua ya Mawe

Sogeeni, wanangu, na wewe Saulo acha kusimama mlangoni kama mtoza kodi, kaa chini unisikie, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kupaza sauti.

Vinyungu vya bondeni, tunavyolima kiangazi, ni vya Verediana na Rozalia. Nyumba na shamba la juu ni vya Saulo. Hayo hayana maneno. Maneno yako kwa ng'ombe, na habari yao mmeisikia kwa watu wa kisimani, basi leo isikieni kwangu.

Mwaka aliokufa baba yenu, mvua ya mawe ilipiga mahindi ya kijiji chetu yakiwa yanachanua, ikayalaza yote. Jumbe akatangaza kwamba Bwana Shauri, yule Mzungu wa bomani, anakuja kutazama, na Serikali itawasaidia walioharibikiwa. Watu waliposikia mgeni mkubwa anakuja, walifanya kama tunavyofanya mgeni yeyote akija: walifagia. Waling'oa mabua, wakayachoma, wakanyoosha matuta, na baba yenu mdogo Gideoni ndiye aliyewaongoza kwa nyimbo. Shamba langu peke yake halikuguswa, kwa kuwa nilikuwa ndani ya matanga, na kwetu jembe haliingii shamba la mfiwa kabla matanga hayajaondolewa. Bwana Shauri akapita, akaona mashamba safi, akauliza hasara iko wapi. Gideoni alimweleza, mkalimani akafasiri. Akajibu kwamba yeye huandika anachokiona. Alipofika kwangu alivua kofia. Nikasaidiwa mimi tu.

Kwa fedha ile nilinunua mahindi na mtamba mmoja. Nikampelekea Gideoni gunia zima, alilirudisha, akalitua mlangoni pangu, akasema, "Shemeji, mimi sili matanga ya kaka yangu." Na wanawake wa kwake wakinikuta kisimani wakawa wananiinamia: "Kamwene, mke wa Serikali! Mume mpya hajambo?" Mara ya kwanza nilicheka nao. Tangu hapo Gideoni hajaingia humu, wala sisi kwake.

Nikiondoka, mtabaki bila mzee wa kuwasemea. Rozalia hajaolewa, na posa haipokelewi na kaka mwenye umri wa Saulo. Hupokelewa na baba, na baba aliyebaki ni yule.

Basi mkishanizika, mpelekeeni Gideoni yule ng'ombe pamoja na uzao wake wote. Usigune, Saulo. Msiseme ni zawadi, atawafukuza. Msiseme ni haki yake, atawatukana. Semeni, "Baba mdogo, tumeshindwa kuchunga, tunaomba ututunzie." Mtunzaji hunywa maziwa, na ndama mmoja huwa wake, na sijamwona mzee wa ukoo anayekataa kuwatunzia yatima. Utakayesema ni wewe Saulo, siyo dada zako, na useme umepiga magoti. Najua unajua kuchunga. Sema umeshindwa.

Verediana, niinue kidogo... hapana, niache hivi hivi. Mnizike kando ya baba yenu, na msikawie kwa ajili ya wageni wa mbali. Mungu awalinde, awape mvua iliyo laini, na nyumba zenu zisikose mtu wa kubisha hodi.

Saulo, uchukue mkono wangu uuweke kichwani pako, mimi siwezi kuunyanyua. Hapo hapo. Sasa yaseme hayo maneno, niyasikie.

Sauti ndogo hiyo.

Tena, mwanangu.