Mwalimu Vipande, Mvunja Kalamu za Rangi

Tarehe 30 Juni, saa nane mchana, mwenzetu anayefundisha darasa la kwanza atakabidhi funguo za kabati lake na kustaafu, akiwa ameitumikia shule hii miaka thelathini na mmoja. Jina lake la kwenye barua ya ajira wanalijua wachache. Wanafunzi, wazazi, hata mlinzi wa getini, wote humwita Mwalimu Vipande. Jina hilo lina kisa chake, nami niliyefundisha darasa la pili, ukuta kwa ukuta naye, ni haki nikieleze, maana katika kisa hicho sikuwa upande mzuri.

Alipoajiriwa alikuwa mkali wa mwandiko. Herufi ikipinda, ilifutwa. Ikipinda tena, ukurasa mzima ulirudiwa. Mwaka wake wa tatu alimpata binti mmoja aliyeshika penseli kwa ngumi, kama mtu ashikaye mchi. Ncha zilikatika, karatasi zilitoboka. Mwalimu alimrudishia mistari ya herufi hadi mtoto akaacha kuja shule.

Siku ya nne ya utoro alimfuata nyumbani. Bibi yake binti alimpa kigoda, kisha akamwambia bila kuzunguka, "Mwalimu, mjukuu wangu tumbo humuuma kila asubuhi. Jumamosi na Jumapili haliumi."

Maneno yale, alituhadithia baadaye, yalimwingia kuliko karipio lolote la mkubwa wa kazi. Akageuza macho jikoni, na huko akamwona binti amechuchumaa. Alikuwa amechora kandambili za bibi sakafuni kwa mkaa, na sasa anajaza ndani ya mchoro, taratibu, bila kuvuka mstari. Kipande cha mkaa kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi. Ngumi haikuwa na pa kukishikia. Alikibana kwa vidole vitatu, vilevile Mwalimu alivyokuwa akimfokea ashike penseli.

"Nisamehe, mama," alimwambia bibi. Kisha akaenda kuchuchumaa jikoni, akamwomba radhi na mtoto.

Jumatatu binti alirudi darasani, na Mwalimu akafungua pakiti mpya za kalamu za rangi, akazivunja zote vipande vipande. Mtunza stoo aliandika katika daftari lake: "Zimevunjwa na mhusika mwenyewe, akiwa na akili timamu." Hapo jina likazaliwa. Kwa wiki sita darasa lile halikuandika herufi hata moja. Walipaka rangi majani, samaki, vikombe. Karatasi nyingine alizibandika ukutani wapake wakiwa wamesimama, akisema mkono ukiinuliwa kifundo chake hupata nguvu. Alianza na michoro mikubwa ya mistari minene, akaipunguza kila wiki, vidole vikizoea kidogo kidogo.

Mimi nikaenda kumshtaki. Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba mwakani nitapokea wapaka rangi wasiojua kuandika, na mzigo utaniangukia mimi. Vipande akaitwa, akapewa hadi mwisho wa muhula. Watoto wasipoandika, angeondolewa darasa la kwanza. Nilitarajia ajitetee. Alisema tu, "Sawa, mkuu. Ila naomba mwenzangu huyu ndiye aje kuwapima."

Nilikwenda na kalamu nyekundu, na nia yangu naijua mwenyewe. Niliwaambia waandike majina yao na maneno matano ya ubaoni. Hawakuwa wote wazuri, nisiseme uongo. Wawili walikuwa bado wanahangaika. Lakini hakuna aliyetoboa karatasi wala aliyelia. Binti yule aliandika polepole kuliko wote, ulimi nje, penseli katikati ya vidole vitatu. Alipomaliza akaniuliza, "Niandike na jina la bibi?"

Nikamwambia andika. Kalamu nyekundu nikairudisha mfukoni. Siku iliyofuata nilikwenda kwa Vipande kuazima michoro, naye akanipa bila kunitania, jambo ambalo mimi katika nafasi yake nisingeliweza.

Tangu hapo walimu wa shule jirani wamekuja kujifunza kwake, wengine wakiondoka na vipande mfukoni. Mara mbili aliombwa awe mwalimu mkuu msaidizi, mara mbili akakataa; alisema ofisini hakuna wa kupaka naye. Rangi haikumtoka mikononi. Katika picha za harusi ya mwanawe wa kwanza, mama wa bwana harusi amependeza kuanzia kilemba hadi viatu, isipokuwa kidole gumba cha kijani.

Tumemuuliza siku ya kwanza ya kustaafu atafanya nini. "Nitalala mpaka saa tatu," alisema. "Mengine tutayaona huko mbele."

Basi lala, dada yetu, na siku ya pili ulale hadi saa nne. Tunakushukuru kwa watoto wote waliopita mikononi mwako. Na kwa kuwa wewe uliweza kumwomba radhi mtoto wa miaka sita sakafuni jikoni, na mimi miaka ishirini na minane sijaweza kukuomba wewe kwa yale mashtaka, naomba leo, mbele ya wenzetu wote. Nisamehe, Vipande. Uwe na afya, na siku zako zilizobaki ziwe njema.