Hi au Shi

Benchi la nje ya kibanda cha fundi viatu lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia hawajawahi kukubaliana hata nani akae upande wa tofali. Alasiri hiyo lilijaa. Mwenye kibanda, Babu Soli, alikuwa ameiweka nyundo kando, macho yote kwenye simu iliyolala juu ya kiatu cha mteja. Mkwe mwenzake, mama wa mke wa mwanawe, angepiga wakati wowote kutoka ng'ambo, na mama huyo hajui lugha nyingine ila Kiingereza. Tangu watoto waoane, Babu Soli hajawahi kumwambia zaidi ya "yes, yes". Siku zote mwanawe ndiye aliyekaa katikati akitafsiri. Leo mwana yuko kazini, simu kaizima. Leo mzee angejisemea mwenyewe, maana mjukuu wake wa kwanza alikuwa amezaliwa, na hakutaka kumpongeza bibi wa mtoto kwa mdomo wa kuazima. Ndiyo maana alijiandikisha darasa la jioni la watu wazima. Ndiyo maana vifaa vyake vyote vina majina ya Kiingereza ya kubandika, hata ndoo. Alifurahi, akaogopa, na vyote viwili vilimtoa jasho.

Juu ya kipande cha soli mpya alikuwa ameandika kwa chaki sentensi aliyofundishwa, kwa tahajia ya masikio yake: kwanza nafasi tupu, halafu *iz veri byutiful*.

— Maana yake mtoto ni mzuri sana, aliwaeleza. Hapo mwanzo mwalimu kaniachia wazi. Kasema jaza mwenyewe, ama hi, ama shi.

— Tofauti yake nini? aliuliza Kipaza. Huyu kazi yake ni kutangazia maduka kwa kipaza sauti, kwa hiyo hata akinong'ona mtaa mzima unasikia.

— Hi ni yeye. Shi, na yeye ni yeye.

— Sasa yeye wawili wa nini, Babu? Mmoja hatoshi?

— Hi ni yeye mwanamume, shi ni yeye mwanamke. Wale ndivyo walivyo. Huwezi kusema mtu kalala mpaka kwanza useme ni mtu gani kalala.

— Makubwa! Yaani usingizi nao wanautenganisha!

Mama Birika, anayewauzia kahawa na kuwanyamazisha, alimjazia kila mtu kikombe.

— Babu, weka shi, ukae salama, alisema. Shi ina heshima zaidi. Hata ukiitamka, mdomo unakaa vizuri.

— Aa wapi! Weka hi, alisema Kipaza. Fupi, haina gharama. Simu za mbali zinakatika. Ukianza "shhh", mkwe atadhani unamnyamazisha!

Babu Soli alijaribu. "Shhh... i." Kweli ilisikika kama anafukuza kuku. Benchi lote likacheka, tofali likayumba.

— Kitaalamu, alianza Profesa. Ni muuza miwani wa kibanda cha pili, na jina hilo kalipata kwa neno hilohilo. Kitaalamu, tazameni hapa. Andika shi. Futa herufi ya kwanza. Kinabaki nini?

Babu Soli akaiandika pembeni mwa soli, wote wakainama. Profesa akafuta kwa kidole.

— Hi! walipiga kelele pamoja.

— Mnaona? Ndani ya shi kuna hi. Ukisema shi umewasema wote wawili. Ni kama kununua sanduku, ukapewa na begi lililo ndani.

— Si nilisema! Mama Birika alipiga birika kwa mfuniko. Mwanamke kambeba mwanamume tangu kwenye herufi! Lugha yenyewe imekiri!

— Basi na mimi nina yangu, alisema Kipaza, sasa kasimama kabisa. Anza na kikohozi. "Kkhi!" Mkwe akisikia hi, sawa. Akisikia shi, sawa. Akisikia kikohozi, atakwambia pole. Popote unashinda!

— Iko nyingine, alisema Babu Soli, sauti imeshuka. Mwalimu kaitaja. *It*. Hiyo haiulizi mume wala mke.

— Tumepona! Weka hiyo!

— Ni ya vitu. Ya kiti. Ya mbuzi.

Profesa alivua miwani.

— Babu, alisema Mama Birika taratibu. Simu ya kwanza na mkwe, umwambie mjukuu wenu ni kiti?

— Ndiyo maana nahangaika, mama! Nikikosea neno moja nimemtukana mtu aliyemlea mke wa mwanangu. Atasema, "Kumbe ndio ukoo wenyewe." Mimi nataka asikie mtu. Mtu mzima, mwenye akili, aliyefurahi!

Alisema hivyo kwa nguvu, na machozi yalikuwa karibu. Kila mmoja akatazama ile nafasi tupu kwenye soli.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja akirukaruka kwa mguu mmoja, kisigino cha kiatu mkononi. Hawakumjua. Alisimama akiwasikiliza wakianza upya, hi, shi, kikohozi, sanduku na begi, mpaka uvumilivu ukamwisha.

— Samahani, wazee wangu. Kwani mtoto mwenyewe ni wa kiume au wa kike?

Kipaza akamgeukia Profesa.

— Wa kiume, alisema Profesa. Si umesema kafanana na wewe, Babu?

— Wa kike! alisema Mama Birika. Si ulisema ana macho mazuri?

Wote wakamgeukia Babu Soli. Mzee alianza kuisaka sauti ya mwanawe kichwani, neno kwa neno. *Baba, mtoto kazaliwa. Mzima. Analia sana. Kafanana na wewe mpaka masikio.* Akarudia tena. Mtoto. Mzima. Kafanana. Wiki nzima kajitapa mtaani kwa mjukuu, kamshonea na viatu vya kuingia kidole gumba, na wiki nzima hakuna neno hata moja lililomlazimisha kuuliza.

— Jamani, alisema. Sijui.

Simu ikaita.

Kipaza alibonyeza kabla ya mwenyewe, akaweka sauti ya nje. Sauti ya mama ikasema, "Helo?" Babu Soli aliitazama soli, akakumbuka somo la maswali: neno la kitendo linatangulia, mtu anafuata. Akavuta pumzi.

— Helo, mkwe. Plizi. Iz... bebi... hi? Oo shi?

Kicheko kikubwa kikatoka ng'ambo, kicheko cha mtu aliyekaa vizuri kitini, na baada yake maneno mengi ya mbio. Babu Soli hakuyakamata, ila moja lilirudi na kurudi, *shi, shi, shi*.

— Ni shi! alipiga kelele. Jamani, ni shi! Mkwe! Shi iz veri byutiful!

— Ni shiii! Kipaza aliutangazia mtaa.

Simu ikatulia. Wakamsikia yule mama akikohoa kidogo, akisogeza kitu, kama mtu anayeweka mbele yake maneno aliyoyafanyia mazoezi. Kisha akasema polepole, kwa Kiswahili:

— Babu. Asante. Mtoto... kinalala.

Profesa akainua kidole.

— Kitaalamu, hapo amemfanya mtoto ni ki...

— Profesa, alisema Mama Birika, ukimsahihisha mkwe wetu, kahawa yangu huinywi tena maisha.

Babu Soli hakuwasikia. Alikuwa ameishika simu kwa mikono yote miwili, uso umelowa.

— Yes, mkwe, alisema. Yes, yes. Kinalala.