Sanda ya Rafia ya Mzee Sosthène Kasereka

Ndugu waombolezaji, mlioshuka kutoka Maliba nanyi mliovuka mpaka kutoka Beni, familia inawaomba utulivu msikie maisha ya mzee wetu, ambaye mwenyewe hakupenda maneno marefu.

Marehemu Mzee Sosthène Kasereka alizaliwa tarehe 4 Juni 1911 karibu na Butembo, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma misheni kuanzia 1920 hadi darasa la tatu, kisha akaacha kwa kuwa alipenda kitanda cha kufumia cha baba yake kuliko kalamu, na tangu hapo akawa mfumaji wa nguo za rafia, zile zinazofumwa vipande vifupi kwa sababu uzi haupiti urefu wa jani la mti wa rafia, halafu vipande huunganishwa kwa sindano.

Tarehe 18 Aprili 1936 alifunga ndoa na Mama Elise huko Beni, wakajaliwa Célestin na Jeanine, na Septemba 1964, vita vilipowafukuza, walivuka mpaka wa Mpondwe wakakaa hapa Bwera, dereva Musitafa akimletea nyuzi kwa lori lake.

Kwa desturi ya ukoo wake, mfumaji hashuki kaburini na kitambaa cha dukani, hivyo kufikia 1971 alikuwa amekamilisha vipande kumi vya sanda yake, lakini mwaka 1974, maduka ya Kasese yalipokauka, wasichana watano, wawili wao wa jirani yetu Vasta, walikosa nguo za komunyo ya kwanza, naye akaifumua sanda, akawashonea sketi bila kukata kipande hata kimoja. Mama Elise alipomuuliza atazikwa na nini, alijibu, "Niko na mikono bado, nitafuma ingine."

Mikono haikumsubiri. Kuanzia Agosti 1977 vidole vilivimba, figo zikamsumbua, wala hakuogopa kufa, aliogopa kuzikwa na amerikani, kitambaa cha dukani, na tusifiche, nasi tuliogopa. Ndipo Vasta na Musitafa wakazunguka hadi Kitswamba kuwatafuta wale wasichana, sketi zote tano zikarudi zimefuliwa, Mama Elise akaziunganisha, na Jumamosi tarehe 11 Machi 1978 mzee akapapasa mshono kwa mshono, akacheka kwa furaha, kisha akagundua kipande cha saba kimegeuzwa ndani nje, akaamuru kifumuliwe. Kilirekebishwa Jumapili jioni, na Jumatatu asubuhi alifariki usingizini, uso umetulia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wafumaji wenzake, madereva, na zaidi wasichana wale watano, ambao hawakuuliza mara mbili.

Lala kwa utulivu, Baba, vipande vyote kumi viko upande wake sahihi.