Mzee Banzi, Kadibodi Yake na Kabati la Sukari

Ijumaa hii, tarehe 31 Agosti 2007, Bwana Fransisko Banzi anakabidhi funguo za stoo ya shule yetu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Katika muda huo wamepita wakuu wa shule saba, sera za uchumi sijui ngapi, na ufagio mmoja ambao kwa mujibu wa daftari lake bado ni mpya.

Kamati ya maandalizi ilitafuta mtu mwenye ufasaha wa kuandika wasifu huu, ikampata mtu asiyeweza kuitika jina lake darasani bila kutokwa jasho. Mimi ni Yustina Evance wa Kidato cha Tatu, katibu wa klabu ya kompyuta. Mwalimu Bernadeta, mlezi wetu, alisema kwa kuwa siongei, basi lazima ninaandika. Hoja hiyo haina kasoro hata moja.

Mzee Banzi alizaliwa Matombo, akaajiriwa hapa mwaka 1973. Miaka ya mgao alikabidhiwa kabati la chuma lenye kufuli mbili, ndani yake sukari na sabuni za shule nzima. Wanaokumbuka wanasema walimu waliomzidi umri walikuwa wakimwamkia shikamoo, tena kwa kuinama. Kisha likaja soko huria. Sukari ikaanza kuuzwa hapo getini, hadi kwa kijiko. Kabati likabaki tupu, na Mzee Banzi akaendelea kulifunga kufuli zote mbili kila jioni. Kwa miaka ishirini hakuna aliyefanikiwa kuiba hewa ya humo ndani.

Lakini sifa yake kubwa ni kadibodi. Mzee Banzi hanunui kitu bila kukata kipande cha kadibodi chenye ukubwa wa mahali kitakapokaa, kisha anakwenda nacho dukani. Kioo cha dirisha, kitasa, mfuniko wa sufuria ya jikoni, vyote vilitanguliwa na kadibodi. Mwaka mmoja alipanda basi la Dar es Salaam amekumbatia kadibodi ya sinki, na kondakta akamuuliza kama mwenzake naye anashuka Chalinze.

Mwaka huu klabu yetu iliruhusiwa kuunda kompyuta yenye nguvu kwa ajili ya, kama barua ya maombi ilivyosema, kuchora ramani za jiografia. Kila aliyeisaini alijua kwamba ni ya gemu za mpira, na ndiyo maana ilipita haraka. Sharti lilikuwa moja tu: ikae mahali panapofungika. Shule nzima mahali panapofungika kweli ni kabati la sukari. Kwa hiyo ilibidi iwe kompyuta ndogo. Mzee Banzi akatafuta kasha dogo la kompyuta, la mtumba, linaloingia kwenye rafu, akalipima kwa ndani, akakata kadibodi. Ikabaki mazabodi, ule ubao ambao vifaa vingine vyote vya kompyuta huchomekwa juu yake.

Kuichagua nilipewa mimi, kwa kuwa nilisoma inglishi midiamu tangu chekechea na nilikuwa na majarida mawili ya kompyuta. Majarida yalisifu ubao mkubwa wenye nafasi saba za kuchomekea kadi. Sisi tulikuwa na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na kadi moja tu, ya picha. Nikachagua zile saba. Mzee Banzi aliweka kadibodi yake mezani akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyu mgeni tumempima? Ataingia?" Kusema sijui ni neno moja tu. Badala yake nilimjibu sentensi nzima ya Kiingereza kwamba ule ubao ni standadi, maana Kiingereza ndicho chumba ninachojifungia nikiogopa.

Alipofika Kariakoo akapiga simu shuleni. Niliitwa ofisini, mbele ya Mkuu wa Shule na walimu wanne, nikashikishwa simu.

"Mjukuu, huu ubao wako umeipita kadibodi kwa vidole vitatu. Upo mdogo hapa, prosesa yetu inakaa, kadi ya picha ina pa kukaa. Nichukue upi?"

Walimu wote walikuwa wananitazama. Nilitaka simu iishe. Nikasema, "Ulioandikwa," nikaikata. Lile swali hakuna mwingine aliyelisikia.

Ubao ulifika, mzuri kweli, ukagoma kuingia kwa vidole vitatu vilevile. Muuzaji akakataa kuupokea. Kikao kikakaa siku mbili kumtafuta aliyekosea, na kwa umakini wa hali ya juu kikampata mtu pekee aliyekuwa amepima. Mzee Banzi akapewa barua ya onyo kwa kununua kifaa bila kuzingatia vipimo, ya kwanza katika faili lake tangu 1973. Hakunitaja. Nami nilikuwemo kwenye kikao hicho kama katibu. Niliandika kumbukumbu kwa mwandiko safi sana.

Kesho yake nilimfuata stoo. "Shikamoo babu," nikasema.

"Marahaba. Kama ni kulia, toka nje, humu kuna vitu vinashika kutu. Barua nimeshaisaini. Beba huo ubao wako, twende mjini."

Mjini kuna Mwanaheri, mwenye duka la intaneti, ambaye alikuwa na kasha kubwa kama jeneza na ndani yake ubao mdogo. Alipotuona akacheka: "Mzee Banzi, na wewe leo umekuja bila kadibodi?" Ilikuwa kwapani. Ubao mdogo ulipolazwa juu yake ulilala kama uliokatiwa hapohapo, na prosesa yetu ikakaa. Wakabadilishana. Kadi yetu ya picha ilipata nafasi, na zile nyingine sita hakuna aliyewahi kuziulizia. Mzee Banzi akatoboa matundu nyuma ya kabati la sukari ili lipate hewa, na sasa kila Jumamosi anafungua kufuli zote mbili na kutukumbusha kwamba tumekuja kuchora ramani.

Kwa taarifa ya kamati: rasimu aliyoipitia Mwalimu Bernadeta iliishia kwa kondakta wa Chalinze. Yaliyofuata niliyaongeza jana, nilipotumwa kuipeleka kuchapwa. Nakala mia mbili zimeshagawiwa, kwa hiyo hata nikiogopa sasa nimechelewa. Mkuu wa Shule, uliyeketi meza kuu ukiwa na nakala hii mkononi, faili la Mzee Banzi linafungwa leo saa tisa alasiri. Naomba ile barua itolewe kabla ya saa hiyo. Ilistahili kuandikwa jina langu.

Mzee wetu, ahsante kwa kila ulichotupimia, hata pale tulipokataa vipimo. Nenda Matombo ukapumzike kwa afya na amani, na asitokee mtu huko wa kukuulizia sukari. Klabu inakuaga kwa kiti cha kuegemea. Kabla ya kukinunua nilimwomba mkeo, Bibi Regina, anipatie vipimo vya mlango wenu. Kadibodi yake nimeifunga nyuma ya kiti.

Kitaingia.