Mama Fafanua Afunga Dirisha la Ajira

Tarehe 31 ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mama Fafanua atafunga dirisha la ofisi ya ajira baada ya kulikalia kwa miaka thelathini na mmoja, miezi miwili, na siku kadhaa ambazo idara bado inazibishania. Jina lake halisi limo katika barua ya kustaafu. Sisi wengine hatujalitumia tangu mashine za kuchapa zilipoondolewa.

Aliajiriwa akiwa karani, na anastaafu akiwa karani. Katika muda huo ofisi yake imebadilishiwa jina mara nne: ilikuwa Ajira, ikawa Utumishi, ikawa Rasilimali Watu, ikawa Watu na Vipaji, na sasa ina jina ambalo halienei kwenye kibao cha mlango. Yeye alibaki na kiti kile kile, chenye mto alioushona kwa kitambaa cha pazia, na swali lile lile kwa kila mkuu aliyemletea tangazo la nafasi ya kazi: "Sawa, lakini huyo mtu atafanya nini?"

Swali hilo lilipata kazi kubwa kompyuta zilipoingia. Zamani fundi aliitwa fundi. Ghafla matangazo yakajaa magwiji, mabingwa na wawezeshaji, na watafuta kazi wakawa hawajui waombe ipi na waache ipi. Mama Fafanua akatenga asubuhi ya kila Jumatano. Mtu yeyote aliweza kufika dirishani na tangazo, hata la ofisi nyingine, akafafanuliwa. Somo lake lilikuwa fupi: cheo ruka, tafuta mahali wanaposema utashika nini.

"Bingwa wa Furaha ya Wateja" ni mtu wa kupokea simu na kutukanwa. "Gwiji wa Mifumo Apendaye Changamoto" ni mtu mmoja atakayefanya kazi ya watu wanne, na mmoja wa hao wanne ameacha kazi jana. Binti mmoja aliyetoka chuoni alimwonyesha tangazo kwa furaha: "Mama, hapa wanasema watanipokea kama familia." Mama Fafanua alimtazama kwa huruma. "Basi jiandae kufanya kazi Jumapili, mwanangu."

Jumatano moja, miaka saba iliyopita, alikuja fundi wa nyaya za mtandao, mama wa watoto watatu. Kampuni yake ilikuwa imefungwa miezi mitano nyuma. Alikuwa akilala na wanawe sebuleni kwa mdogo wake, na shemeji alikuwa ameshasema, kwa ustaarabu mkubwa, kwamba mwisho wa mwezi sebule itahitajika. Mkononi alishika tangazo letu wenyewe: "Mwezeshaji Mwandamizi wa Ubunifu wa Kidijitali." Maombi yalikuwa yakifungwa saa kumi siku ile ile. Alikuja kuuliza tu; moyoni alishaamua kwamba kazi hiyo si ya watu kama yeye.

Mama Fafanua alisoma mara mbili, akavua miwani, na kwa mara ya kwanza katika historia ya dirisha hilo akakiri kwamba hajui. Tangazo lilikuwa limetoka bila kupita mezani kwake. Alimpa mgeni kiti, akapanda ghorofani. Mkuu wa teknolojia alieleza kwamba alilinakili kutoka kwa ofisi nyingine kwa kuwa lilipendeza. Jina la ofisi hiyo lilikuwa bado limo katika aya ya tatu. Mkurugenzi wa wakati huo alisema anataka mtu wa kuleta mwamko.

Mwisho aliingia katika chumba cha mafundi, ambamo nyaya zilitapakaa sakafuni kama nywele zilizofumuliwa na ndoo ilikinga maji ya kiyoyozi. "Mwamko tunao, Mama," fundi mmoja alimwambia. "Tunataka mtu wa kupanda darini azipange hizi. Kila tukivuta waya mmoja, uhasibu wanakatikiwa mtandao."

Alirudi saa tisa alasiri, baada ya kungojeshwa kila mlango. "Andika. Wanataka mtu wa darini."

"Lakini Mama, wamesema mwandamizi."

"Wamesema mengi. Wewe taja majengo uliyoyafungia nyaya, moja baada ya jingine. Neno ubunifu usiliguse."

Mgeni aliandika akiwa amesimama, karatasi ikiwa juu ya ukingo wa dirisha, na maombi yakapokelewa dakika tano kabla ya saa kumi. Kwenye usaili, wiki iliyofuata, mkurugenzi alimtaka aeleze maono yake. "Maono sina, mkurugenzi. Ngazi ninayo." Fundi mmoja aliyekuwa kwenye jopo alipiga makofi, jambo lisilokubalika katika usaili wowote. Kazi akapewa. Shemeji, aliposoma barua ya ajira, aliongeza muda, akaongeza na heshima.

Mama Fafanua naye alipata barua yake: onyo la kimaandishi kwa "kutoa ufafanuzi usioidhinishwa kwa mtu wa nje." Aliitia sahihi, akaonyesha makosa mawili ya tahajia, akairudisha.

Fundi yule mwenye ngazi sasa ndiye mkuu wa chumba cha mafundi, na uhasibu wamekosa kisingizio. Mwezi uliopita mkurugenzi mpya, kwa nia njema kabisa, aliagiza onyo lile litolewe kwenye faili ili mama yetu aondoke akiwa safi. Mama Fafanua alikataa katakata. Alisema kwamba katika karatasi zote alizopewa na mwajiri huyu kwa miaka thelathini na mmoja, hiyo ndiyo pekee iliyoeleza kwa usahihi kazi aliyoifanya.

Barua imebaki. Asante, Mama. Ukapumzike vizuri; Mungu akujalie afya, na miaka mingi ya kuamka unapotaka.