Gauni la Mifuko

Tarehe thelathini ya mwezi huu, fundi tunayemwita Bibi Mkasi anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya nguo kwa miaka thelathini na minne.

Jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa akimtazama mteja mara moja tu mlangoni, kisha akakata kitambaa bila kuchora chaki, na nguo ikamkaa mtu kana kwamba alizaliwa nayo. Bwana harusi mmoja mnene aliomba apimwe kwanza. Akaambiwa atulie, kwani tumbo lake lilikwisha kupimwa lilipotangulia kuingia.

Baadaye kazi ikapangwa upya. Vitambaa vikaanza kuletwa vikiwa vimekatwa, mikasi yetu ikafungiwa kabatini, na kila fundi akapewa sehemu moja ya shati. Yeye alipewa mfuko wa kifuani. Ameushona kwa miaka kumi na tisa, kengele ikilia aanze, kengele ikilia aache, wala hakuna mfuko wake uliowahi kurudishwa. Bega lake la kulia limepanda na halishuki tena. Vidole vimejikunja kwa upana wa mfuko.

Mwaka jana, Bibi Mkasi akiwa likizoni, mjukuu wake alimwomba gauni la kumalizia shule. Asubuhi bibi aliketi kwenye cherehani yake ya nyumbani. Binti yake alipokwenda kumwita kula, alikuta gauni limejaa mifuko, mbele na mgongoni, na mmoja umeziba shingo. Yote ilinyooka. Bibi Mkasi aliinua uso, akauliza kama kengele imelia. Hakukumbuka kushona hata mmoja. Mjukuu alianza kumtania kwamba sasa kichwa atakipitishia wapi. Alipouona mguu wa bibi yake ungali unakanyaga, akainama akaushika.

Gauni hilo bado linasubiriwa. Kwa hiyo tumelifungua kabati, na leo anakabidhiwa mkasi wake, umenolewa, pamoja na kitambaa kipya.

Dada yetu, karibu sote tuliushika mkasi kwa mara ya kwanza mbele yako. Ahsante. Tunakuombea afya, na mchana mrefu usio na kengele, hadi shingo ya gauni hilo ifunguke mikononi mwako.

Wageni waalikwa mjue kwamba kengele haitalia wakati wa hafla. Hata hivyo, mkiiona miguu yetu ikikanyaga sakafu chini ya meza, msishtuke. Sisi wenyewe huwa hatuna habari.