Watoto wa Mkono

Basi la kutoka Musoma lilipokaribia Bunda, Mama Pelagia alikuwa bado anamlalamikia jirani yake wa kiti. Chuo kimempeleka mwanawe fildi benki, ajifunze kazi, na tangu afike anapikishwa chai tu!

"Chai yake nzuri?" aliuliza jirani, mzee mmoja aitwaye Magesa.

"Meneja anaisifiaga sana."

"Basi kwisha habari yake. Mimi nilisomea mifugo. Fildi wakanitupa Butiama, josho kavu, dawa nchi nzima hakuna. Wazee wakaniletea ng'ombe wa mahari, niingize mkono niseme kama ana mimba. Nikasema anayo, akazaa. Kosa langu hilo! Serikali ilipotupunguza kazini, cheti changu hakuna aliyekiulizia. Mkono ndio wanautafutaga. Hata sasa naenda kwenye mahari Guta."

"Na wanakulipa?"

"Kuliko serikali."

"Sasa unalia nini, baba?"

"Mama, wanangu shuleni wanaitwa watoto wa Mkono!"

Kiti cha nyuma, Marieta aliacha kutafuna karanga. Alikuwa mwanachuo wa ualimu, anakwenda Manyamanyama kwa mazoezi ya kufundisha. Kwao Kigera hakuna harusi iliyopikwa pilau bila yeye.

Basi likasimama Bunda, wale wawili bado wanabishana. Mwalimu mkuu alikuwa anamsubiri Marieta, akampokea begi kwa furaha. "Karibu sana, mwalimu! Mpishi wetu kaolewa juzi. Wewe kupika unajua?"

"Hata chai siwezi, mwalimu," alisema Marieta. "Maji yenyewe huwa yananiungulia."